Miguu haifiki chini: niikate pikipiki au niiuze?

Shikamoo fundi,

Mimi ni afisa ugani wa kata moja wilayani Makete, mkoa wa Njombe. Nina miaka 31, urefu wangu ni sentimita 154, uzito kilo 52 nikiwa nimeshiba. Mwaka jana mradi mmoja wa viazi mviringo ulifunga ofisi yake huku, vitu vikauzwa, na mimi nikabahatika kununua pikipiki: Honda XR250, zile ndefu zenye tairi kubwa mbele. Aliyekuwa akiitumia ni mtaalamu wao, mwanaume wa futi sita na ushei, nyuma akifunga sanduku la vifaa na mara nyingi kumpakia mtu juu.

Injini sina la kusema. Matope ya Februari inayapita, milima ya kuelekea Matamba inapanda kama mbuzi. Shida inaanza nikisimama. Nikikaa kwenye kiti, vinavyogusa chini ni vidole vya mguu mmoja tu, tena nikiwa nimejipinda. Nikijaribu kushusha yote miwili, inaning'inia kama ya mtoto kwenye benchi la kanisani.

Nimeanguka mara tatu. Ya kwanza uani kwangu, hakuna aliyeona. Ya pili njiani, peke yangu, nikakaa zaidi ya nusu saa nikisubiri mpita njia anisaidie kuinyanyua. Ya tatu ndiyo imenikaa rohoni. Nilikuwa nafika kwenye shamba darasa, wakulima kama ishirini wameshakaa wananisubiri. Nikapunguza mwendo, nikakunja usukani ili niegeshe kando ya barabara, nikabana breki, nikashusha mguu wa kushoto nikakuta hewa. Upande ule ulikuwa wa mtaro. Nikaenda chini polepole kama gunia la viazi, kila mtu anatazama. Mzee mmoja akaja kuniinua, akaniambia kwa upole kabisa, "Pole mama, hizi ni za wanaume." Hakuwa na ubaya, lakini nilifundisha somo zima la mbegu huku maneno hayo yananizunguka kichwani.

Mume wangu anasema niuze, ninunue Boxer kama watu wengine. Fundi wa hapa anasema dawa ni rahisi: atakata springi za mbele mizunguko minne kila upande, na nyuma atahamisha kishikio cha shokapu kwa kuchomelea, ishuke sentimita 8. Kazi ya nusu siku. Akaongeza kuwa nikitaka atanitafutia na rimu ndogo ya mbele. Bei yake ni nafuu, ila mkono wangu umesita kutoa pesa.

Nimepima kwa tepu: pikipiki ikisimama wima bila mtu, kiti kiko sentimita 87 kutoka ardhini. Nifanyeje? Akate? Hizo sentimita 8 zinawezekana kweli? Au mume wangu yuko sahihi?

Miguu Mifupi, Makete

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mianguko yote mitatu. Mkono uliosita ulisita vizuri. Mwambie fundi wako aweke msumeno chini kwanza. Simsemi kwa ubaya, mafundi wetu wa vijijini wameokoa pikipiki nyingi kuliko gereji za mjini, lakini katika hili amekimbilia chuma kabla ya kuuliza nani amekaa juu yake.

Nianze na anguko la tatu, kwa sababu umelieleza vizuri kiasi kwamba nimeliona. Usukani ulikuwa umekunjwa. Ukabana breki, na bila shaka ilikuwa ya mkono. Halafu ukashusha mguu upande wa mtaro. Hayo matatu kwa pamoja yangemwangusha hata yule bwana wa futi sita. Pikipiki inayokwenda mwendo wa konokono, usukani ukiwa umepinda, ukiibana breki ya mbele, inalala papo hapo upande ule uliopinda. Na barabara zetu za udongo zina mgongo katikati ili maji yaende mtaroni: pale unaposhusha mguu kando, ardhi inaweza kuwa chini kwa sentimita 8 au 10 kuliko pale tairi liliposimama. Fundi wako angekuwa ameshusha zile sentimita 8 zake siku moja kabla, mtaro ungezimeza zote na wewe ungeanguka vilevile.

Kwa hiyo kuna kazi mbili hapa, ya pikipiki na ya kwako. Ya pikipiki kwanza.

Pikipiki hiyo umeinunua wewe, lakini bado imemkalia yule bwana. Namaanisha springi. Shokapu ya nyuma ya XR250 ina pete mbili za kufunga kwa nyuzi, zimeikaba springi kwa juu. Mtu mzito mwenye sanduku na abiria huzikaza mpaka springi ikawa imebanwa kweli, la sivyo tairi litagonga kila shimo. Sasa amekaa juu yake mtu wa kilo 52. Springi haimtambui. Kiti hakizami, na wewe unaendesha ukiwa juu kama uko kwenye dari. Pikipiki za aina hii hutengenezwa zizame mwendeshaji akikaa: kipimo cha kawaida ni karibu theluthi moja ya mwendo wote wa tairi la nyuma. Hiyo yako ina mwendo wa zaidi ya sentimita 20, kwa hiyo ukikaa inatakiwa kuzama kama sentimita 7. Nitashangaa kama sasa hivi inafika hata 3.

Pima hivi. Ipandishe juu ya kreti la soda au gogo chini ya injini, tairi la nyuma lining'inie hewani. Chukua tepu, pima kutoka katikati ya ekseli ya nyuma kwenda juu moja kwa moja hadi alama utakayoweka kwenye madigadi au fremu. Andika. Ishushe, mtu aishike kwa mbele, wewe panda ukiwa na buti, koti, kofia na begi lako la kazi, weka miguu kwenye vikanyagio, jirushe kidogo ili ikae sawa, halafu mtu mwingine apime tena palepale. Ukitoa cha pili kwenye cha kwanza, hicho ndicho inachozama.

Kama ni pungufu ya 7, legeza zile pete. Zitakuwa zimeshikana kwa matope ya miaka, zisugue kwanza kwa brashi na dizeli. Ya juu ni ya kufungia, ifungue, halafu zungusha ya chini ukihesabu mizunguko na kuiandika, ili ukitaka kurudi ujue ulipotoka. Tumia ile spana yenye ndoano. Patasi na nyundo hung'oa meno ya pete, na XR nyingi za mitumba zinazofika kwangu zimeshang'olewa. Pima tena kila baada ya mizunguko miwili mitatu. Ukifika mahali ambapo tairi likining'inia hewani springi inacheza kwa mkono, umepitiliza, rudisha hadi ikazike.

Kuna jambo moja huwachanganya hata mafundi. Ukisha kufika 7, shuka, pima pikipiki ikiwa imesimama peke yake. Yenyewe tu inatakiwa kuzama sentimita 2 au 3. Ikizama zaidi ya hapo, watu husema springi imechoka. Kinyume chake: springi ni ngumu mno kwa uzito wako, ndiyo maana umelazimika kuilegeza kupita kiasi. Ukiendelea kuipenda pikipiki hii, siku moja tafuta springi laini zaidi ya kipimo chako. Si ya leo.

Kwa kulegeza pete tu utapata sentimita 3 au 4, bila hata shilingi. Gharama yake ni hii: siku ukipakia mtu au gunia, nyuma itazama mno na itagonga. Ukibeba mzigo, rudisha mizunguko uliyoandika, au usibebe. Mimi ningekuambia usibebe mtu hadi umeizoea peke yako.

Kinachofuata ni kiti, na hapo ndipo penye utamu. Watu huuliza kiti kina urefu gani, hawaulizi kina upana gani. Miguu yako haishuki wima kama mlingoti, inazunguka kiti kwanza. Sponji ikiwa pana pale mapaja yanapopita, karibu na tanki, unapoteza sentimita kadhaa ambazo tepu ya kutoka ardhini haizioni. Mpelekee fundi wa viti, yule anayeshona viti vya mabasi, na mwambie maneno haya: apunguze kingo za mbele kwa mshazari kila upande, kiti kiwe chembamba pale kinapokutana na tanki, na juu atoe sentimita 3 tu sehemu unayokaa. Asitoe zaidi. Chini ya sponji kuna plastiki ngumu, na wewe unatembea kata nzima, utarudi nyumbani hutaki kuona kiti cha aina yoyote. Kama sponji iliyopo imelainika, abandike juu safu nyembamba ya sponji ngumu ile ya mkeka wa mazoezi. Reksini ivutwe vizuri isikunje maji, maana mvua ya Makete unaijua kuliko mimi. Ukipata kiti kingine cha mtumba cha kuchezea, ndicho akate hicho, cha asili kiweke ndani. Siku ukiuza, mnunuzi mrefu atakishukuru.

Buti nalo. Afisa ugani anaishi ndani ya mabuti. Fundi viatu akiongeza soli ya sentimita 2, miguu yako yote imerefuka kwa pesa ya chai. Hakikisha tu unyayo bado unapita chini ya kanyagio la gia. Likikwama, kanyagio hilo linalegezwa na kupandishwa jino moja.

Hesabu sasa: 3 au 4 za springi, 3 za kiti pamoja na zile za upana, 2 za soli. Tumeshafika au kupita zile 8 za fundi wako, na hakuna chuma kilichokatwa, na kila kitu kinarudishika. Watu wengi wa kimo chako hapa huanza kugusa kwa sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili. Wengi huishia hapa, na mimi huwashauri waishie hapa.

Kama baada ya mwezi bado unahisi haitoshi, kuna kushusha chuma, lakini kwa adabu. Kwa mbele, mabomba ya shokapu yameshikwa na vibanio viwili chini ya usukani. Bolti zake hulegezwa pikipiki ikiwa imeegemezwa vizuri, mabomba yanasukumwa juu milimita 15, pande zote sawasawa kwa tepu, si kwa macho. Kabla ya kuendesha, angalia kama yatagusa usukani, na pima nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi ya mbele: lazima iwe kubwa kuliko mwendo wote wa shokapu, la sivyo kwenye shimo la kwanza kubwa tairi litabusu madigadi. Kwa nyuma, chini ya shokapu kuna viungo vinavyoiunganisha na mkono wa tairi. Vikirefushwa kwa milimita chache, nyuma inashuka kwa zaidi ya hizo, maana ile ni mizani. Viungo hivyo huuzwa vikiwa tayari vimetengenezwa. Usikubali vya nondo wala vya bati lililotobolewa kwa moto. Hapo ndipo uzito wako wote na kila tuta la barabara vinapokutana.

Mbele na nyuma vishuke pamoja. Ukishusha mbele peke yake, usukani unakuwa mwepesi na wenye wasiwasi, na kwenye kokoto za mteremko utaujua. Ukishusha nyuma peke yake, mbele inakuwa nzito kukata kona na taa inaangaza ndege usiku. Suzuki walipotengeneza DR650, pikipiki ndefu kama yako, waliiacha na nafasi ya kushushwa sentimita 4 kwa wateja wafupi, mbele na nyuma kwa pamoja. Wao ndio wenye michoro na mashine za kupimia, na wakaishia 4. Fundi wetu anataka 8 kwa nusu siku.

Sasa springi za mbele alizotaka kukata. Springi ikiwa fupi inakuwa ngumu zaidi, si laini. Ukikata mzunguko 1 katika kila 10, tisa zilizobaki zinafanya kazi ya kumi, na ugumu unapanda kwa sehemu moja ya tisa. Wewe ni mwepesi, tatizo lako ni springi ngumu, dawa unayopewa ni kuifanya ngumu zaidi. Halafu tairi likiwa hewani, springi iliyokatwa haijazi bomba, inabaki inacheza na kugonga ndani, tak, tak, kila ukivuka tuta. Na ile ncha iliyokatwa haina kikalio bapa, inakaa upande na kukwaruza. Kuna njia halali ya kufupisha shokapu za mbele kutoka ndani, kwa kuweka kipande kinachozuia bomba lisitoke lote na kufupisha kile kijiti cha juu ya springi kwa kiasi hichohicho, lakini hiyo ni kazi ya mtu aliyewahi kuifanya. Kishikio cha shokapu ya nyuma kuchomelewa upya, hapana. Kikiachia, kinaachia ukiwa unaendesha. Na rimu ndogo ya mbele, hapana pia: lile tairi la inchi 21 ndilo linalokupandisha juu ya mawe ambayo Boxer inayagonga kwa kifua.

Ukishusha kwa njia yoyote, hata ile ya kulegeza pete, nenda kaangalie stendi ya pembeni. Watu husahau. Pikipiki ikishuka, stendi inabaki na urefu wake wa zamani, pikipiki inasimama wima mno, na upepo au mbuzi anayejikuna anaiangusha upande wa pili. Ikiwa imesimama wima, stendi ifupishwe. Ifunguliwe kabisa itoke kwenye pikipiki ndipo ikachomelewe. Usimruhusu mtu kuchomelea chuma kilichofungwa kwenye pikipiki yenye betri na waya. Aanze kwa kukata milimita 10, ajaribu, akate tena. Kilichokatwa zaidi hakirudi. Na cheni: nyuma ikishuka, cheni inakaza. Mtu akae juu, wewe iguse kwa kidole chini, isiwe imevutika kama gitaa.

Nimemaliza ya pikipiki. Ya kwako ni ndefu kidogo lakini haihitaji spana.

Ulichofundishwa na wote, na mimi nilifundishwa hivyohivyo, ni kuwa ukisimama lazima miguu yote miwili ikae chini. Hapana. Pikipiki inahitaji mguu mmoja, wa kushoto, kwa sababu wa kulia una kazi: unakanyaga breki ya nyuma. Dani Pedrosa, Mhispania wa sentimita karibu 160 na uzito wa mtoto wa sekondari, alishinda mashindano 31 ya daraja la juu la MotoGP, zile mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia, kabla ya kustaafu 2018, juu ya pikipiki zenye nguvu za kutisha. Mimi mwenyewe ni wa sentimita 163 na nimeendesha pikipiki za miradi tangu ujana, nyingine kiti kilinifika kiunoni.

Nenda uwanja wa mpira asubuhi, kwenye majani, ukianguka uanguke vizuri. Endesha gia ya kwanza, usukani umenyooka, kamata klachi, breki ya mkono iache, simamisha kwa mguu wa kulia peke yake. Sekunde moja kabla haijasimama, telezesha kitako chako upande wa kushoto, nusu yake iwe nje ya kiti. Mguu wa kushoto unashuka wima, unyayo mzima unakanyaga. Mguu wa kulia haubanduki kwenye breki. Kuondoka, unarudi katikati ya kiti pikipiki ikiwa imeshaanza kutembea. Rudia hadi uache kufikiri. Siku tatu zinatosha kwa wengi, wengine wiki. Kwenye mlima ndiyo faida yake: mguu wa kulia umeshika breki, hurudi nyuma, unaachia taratibu klachi ikishaanza kuvuta.

Kupanda, panda kama unavyomwona mtu akipanda punda mrefu: kushoto, pikipiki ikiwa kwenye stendi, mguu wa kushoto kwenye kikanyagio, inuka, pitisha wa kulia juu. Kwanza hakikisha stendi imekaa kwenye ardhi ngumu, weka chini yake jiwe bapa au kipande cha ubao kama ni matope. Mimi hubeba kifuniko cha kopo la rangi mfukoni, kimetobolewa na kufungwa kamba ili nikivute nikishakaa. Kushuka ni hivyohivyo kwa kinyume, stendi chini kabla hujaachia chochote.

Halafu jifunze kuchagua pa kusimama kama mtu anayechagua pa kukaa kwenye nyasi zenye siafu. Macho yako yaangalie ardhi hatua ishirini kabla. Simama upande ulioinuka uwe kushoto kwako. Kama barabara inamwagikia mtaroni kushoto, simama katikati ya mgongo wake au vuka kabisa uende upande wa pili bila kugeuka, na ile shari ya mtaro inakuwa kulia kwako. Ukiona tuta, kisiki, jiwe, ngazi ya duka, hayo ndiyo yako: sogea pembeni yake, mguu wa kushoto unakanyaga juu, unakuwa mrefu ghafla. Ukitaka kugeuza mahali pembamba, shuka, isukume. Hakuna aliyewahi kucheka mtu anayesukuma pikipiki kuigeuza.

Na ikianguka tena, maana itaanguka, hata yangu huanguka, usisubiri nusu saa. Ni kilo 120 na zaidi, lakini huiinui kwa mikono. Zima, funga bomba la petroli. Ikiwa imelalia kulia, toa stendi ya kushoto kwanza ili isipitilize upande wa pili. Igeuzie mgongo, kitako kwenye ukingo wa kiti, chuchumaa, mkono mmoja ushike usukani uliokunjwa hadi mwisho upande wa chini, mwingine ushike keria au fremu ya nyuma. Mgongo umenyooka, halafu tembea kinyumenyume kwa hatua fupi. Miguu inainua, si mgongo. Jaribu siku moja uwanjani mumeo akiwa anaangalia.

Kuhusu mumeo. Boxer ni pikipiki nzuri, na kama kata yako ingekuwa ya barabara za lami ningekuambia uza kesho. Lakini wewe unapanda milima ya matope kuwafuata watu wa viazi, na huyo Honda ndiye anayefika. Kinachonifanya nikatae sentimita 8 za chuma ni hichohicho: unanunua pikipiki ndefu kwa ajili ya uwazi ule wa chini ya injini, halafu unaukata, hapo ni bora kweli ununue Boxer na kubakiwa na pesa. Fanya pete, kiti na soli. Fanya uwanja wa mpira wiki mbili. Ukiona bado unaogopa kusimama, basi iuze bila majuto na bei yake utaipata, kwa sababu hakuna fundi aliyeigusa kwa msumeno.

Niandikie kipimo cha ekseli, kabla na baada. Na usimnyime kazi fundi wako: yeye ndiye ashike pikipiki wakati unapima, kisha umwonyeshe hesabu.